Foronya ya Pili

Mama yangu hana r. Wasukuma wengi wa rika lake hawana, na mimi, mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi, nimemtania kwa hilo tangu nilipotoka chuo. Anasema balabala, anasema halusi, anasema selikali. Siku moja alinijibu kwamba alinizaa bila r na bado nilitoka mzima, kwa hiyo nisimsumbue. Aliyecheka zaidi siku hiyo alikuwa dada yangu, alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Nalitaja hili mwanzoni kwa sababu kuna neno moja nataka kulieleza, nalo ni presha. Mama hulitamka plesha.

Kwetu presha inaua kila mtu. Mzee akianguka shambani, presha. Mlevi akikutwa mtaroni, presha. Mwanamke mwenye nguvu zake akilala vizuri na asubuhi hapumui, presha. Kwenye msiba ni neno lenye faida kubwa: halimlaumu mtu, halileti swali la pili, na watu wanaendelea kuchambua mchele. Ninalichukia neno hilo. Nalichukia hata ninapolisikia zahanati, kwa muuguzi anayelisema kwa haki kabisa.

Shemeji yangu alinipigia asubuhi nikiwa darasani. Alisema, "Mwalimu, dada yako presha imempanda, ametutoka." Alilisema bila kukwama. Mimi nilikwama, nikawaacha watoto, na chaki iliyokuwa mkononi nikaenda nayo mpaka stendi ya Nyegezi bila kujua kwamba ninayo.

Dada alikuwa ameolewa upande wa pili wa ziwa, Busisi, kwa watu wa mihogo na dagaa. Hakujaliwa mtoto, na katika nyumba ile jambo hilo lilikuwa halimalizi wiki bila kutajwa. Alikuwa akija kwangu amevaa mikono mirefu wakati wa joto. Mkono umevimba, anasema nimejigonga mlangoni. Jicho limeiva, mlangoni. Nilimwambia mlango wa nyumba ile una mikono mingi kuliko milango mingine ya Tanzania. Nilimwambia aende polisi, dawati la jinsia, nikajitolea kumsindikiza. Akaniambia nikirudi nyumbani, ng'ombe wa mahari watarudishwa na nani? Kisha akabadilisha mazungumzo, akaniuliza kama shule yetu imepata maji.

Basi siku hiyo nikavuka daraja. Zamani tungesubiri kivuko, na ningekuwa na muda wa kulia. Siku hizi gari linapita tu na unafika kabla hujawa tayari.

Nilipoingia uani kwao, nilichokiona kwanza ni maji. Ua ulikuwa umefagiliwa na kunyunyiziwa. Godoro lilikuwa limeegemezwa ukutani juani, upande mmoja umelowa. Kwenye kamba kulikuwa na shuka mbili na foronya moja, zinachuruzika. Ndani, sakafu ya saruji ilikuwa haijakauka, na dada alikuwa ameshaogeshwa, amevishwa gauni la kitenge, amefungwa kitambaa kichwani, amelazwa kwenye mkeka. Sijawahi kuona nyumba iliyoamka mapema vile kwa ajili ya presha.

Aliyeosha vyote hivyo alikuwa mama mkwe wake dada, mwanamke mrefu, mkimya, ambaye vidole vyake siku ile vilikuwa vimekunjamana kwa kukaa majini. Simsingizii ubaya kwa hilo. Sisi watu wa kandokando ya ziwa huu ndio ubinadamu wetu: mtu akifa, wanawake wanachota maji. Unamwosha yeye, unaosha alipolalia, unafua alichovaa, ili asiondoke na uchafu wa dunia na wageni wasiukute. Angekuwa amekufa mtu mwingine, mimi mwenyewe ningekunja gauni nikainama kwenye beseni.

Lakini foronya ilikuwa moja. Nilizijua foronya zile. Mama alizidarizi kwa mkono wake kwa ajili ya harusi, mbili, maua mekundu na majani ya kijani, na jani moja kwenye kila foronya alilikosea likaelekea chini. Dada alikuwa hazitenganishi. Nikamwuliza yule mama, nyingine iko wapi? Akaniambia labda mbuzi wameichukua. Hakunitazama.

Nikaenda nikapiga magoti kwenye mkeka, nikamshika dada kichwa kama vile namwekea vizuri kitambaa. Kisogoni kitambaa kilikuwa na unyevu, na chini yake mfupa haukukaa pale mfupa unapokaa. Sina namna nyingine ya kulisema. Nikasimama nikasema leo hazikwi mtu.

Kulikuwa na kelele, bila shaka. Baba mkubwa, ambaye ndiye msemaji wa ukoo wetu tangu baba afariki, alikuwa ameshafika, na yeye ndiye aliyenipinga kwanza. Alisema binti yake hatapasuliwa kama sangara. Sikubishana naye. Nilimwomba tu apeleke mkono wake pale nilipoupeleka mimi. Aliupeleka, akakaa hivyo kwa muda, kisha akatoka nje na kumpigia mwenyekiti wa kitongoji yeye mwenyewe, na mwenyekiti akawaita polisi.

Mwili ulipelekwa hospitali. Daktari aliyeufanyia uchunguzi alieleza mambo mawili: kisogo kilipigwa na kitu kigumu, na ndani ya midomo kulikuwa na michubuko, midomo imekandamizwa kwenye meno. Kesho yake presha ya shemeji ikageuka kuwa jiwe. Akaeleza kwamba mkewe alikwenda ziwani alfajiri kuchota maji, akateleza kwenye miamba, akaanguka, akainuka, akaanguka tena kifudifudi. Kwamba yeye alimbeba akamleta kitandani tayari hajiwezi. Kwamba alisema presha kwa sababu aliogopa watu wangemfikiria vibaya. Damu yote, alisema, ilibaki kwenye miamba, na ziwa lilikuwa limechafuka siku ile. Ndani ya nyumba haikudondoka hata tone.

Mpelelezi aliyepewa jalada alikuwa mtu mzima asiye na haraka. Alikwenda kwenye nyumba ile, akatazama sakafu, akatazama godoro, akainusa ile foronya ya kwenye kamba. Vyote vilinukia sabuni. Aliuliza kuhusu foronya ya pili, akajibiwa mbuzi. Mimi nilikuwa nimeshaitafuta, mpaka zizini nilifika, nikapekua mavi ya mbuzi kwa kijiti. Alipokuwa anaondoka alinivuta pembeni. Akaniambia, "Mwalimu, maneno yake yanasimama kwa mguu mmoja tu, kwamba ndani hakukuwa na damu. Nipatie kitu kimoja cha ndani ya nyumba hii chenye damu ya marehemu. Kimoja tu. Ukikiona usikifue, usikikunjekunje, usikitie kwenye mfuko wa plastiki kitaoza. Kiache kikauke, kitie kwenye karatasi ya kaki, niite." Kitu hicho alikiita kielelezo. Mimi vielelezo najua ni picha za kufundishia, ramani na vifuu vya nazi, na nilisimama pale nikifikiri upumbavu huo badala ya kumjibu.

Shemeji alishikiliwa, na tukamzika dada huko huko kwa mumewe, kwa sababu ng'ombe walishatolewa na kaburi lake lilikuwa la kwao.

Sasa nieleze tulivyomfanyia mama. Mama ana presha ya kweli, ya vidonge. Kabla hajafikishwa msibani, baba mkubwa alitukusanya akasema mama asiambiwe kitu: ataambiwa presha, na kuhusu hospitali ataambiwa madaktari wanataka kuithibitisha. Akiambiwa mengine, alisema, tutazika wawili. Wote tulikubali, na mimi nilikubali, na hata leo sijui tungefanya nini kingine. Aliletwa ameshikwa huku na huku, akaonyeshwa uso, akarudishwa kwake Buhongwa ameshikwa huku na huku. Kila aliyemkaribia alikuwa ameonywa. Ulikuwa ulinzi mzuri, haukupitisha neno.

Baada ya matanga, nguo za marehemu hurudishwa kwao. Ndiyo desturi ya koo zetu. Wanawake wa upande wa mume wanazifua zote, wanazipiga pasi, wanazipanga kwenye sanduku, wanazileta, na mama mzazi analipokea sanduku na kulifungua akiwa peke yake. Kurudisha nguo ya marehemu bila kuifua ni tusi. Ni kusema mlituletea mtu mchafu, chukueni uchafu wenu. Koo zimewahi kununiana miaka kwa ajili ya soksi.

Sanduku lililetwa na mama mkwe mwenyewe. Mimi nilikuwa shuleni, mitihani ya muhula. Nilipofika Buhongwa Jumamosi iliyofuata nilimkuta mama ametandika kitanda chake upya, na juu ya mito miwili kulikuwa na foronya mbili zenye maua mekundu.

Nilivuta kiti nikakaa. Nikamwuliza mama ya pili aliipata wapi. Akasema kwenye sanduku, chini kabisa, chini ya nguo zote, imeviringishwa ndani ya karatasi. Kisha akaanza kulalamika, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nilimwona ana hasira kidogo, jambo ambalo siku nyingine lingenifurahisha.

"Wale watu hawana adabu," alisema. "Nguo zote wamefua, hii ya mkono wangu wameileta chafu. Imekauka mpaka imekuwa ngumu. Damu."

Nikauliza damu gani, mama.

"Damu ya wanawake, kwani kuna damu gani nyingine? Mwanangu alikosa kitambaa, akatumia hiyo. Ndiyo wananionyesha. Sikumwambia mtu. Niliifua mwenyewe."

Na mama akifua, amefua. Alieleza hatua zote bila kuulizwa, kwa sababu alikuwa anajivunia: aliilowesha kwenye maji baridi yenye chumvi, kwa kuwa ya moto huigandisha damu, akaisugua kwa mche wa sabuni, akairudia kwa dawa ya kung'arishia, kidogo tu, nyuzi nyekundu zisichuje, akaianika juani, akairudia tena, akaipiga pasi. Alinyoosha kidole akanionyesha lile jani lililoelekea chini. Foronya ilikuwa nyeupe kuliko mwenzake.

Hakuna mtu mwenye nidhamu ya kumlinda mtoto wake kuliko mama yangu. Alikuwa ameificha aibu ya mwanawe ambayo haikuwa aibu yake. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumpiga mtu, na aliyekuwepo alikuwa mama tu, anapanga mito.

Nilimdanganya kwamba nataka kuiiga ile darizi, nikaomba ile nyeupe zaidi. Alinipa, akasema nisichelewe kuirudisha, maana hizo ni pacha. Nikaitia kwenye bahasha ya kaki, kama nilivyoelekezwa, nikampelekea mpelelezi. Aliitazama muda mrefu chini ya dirisha. Hakunilaumu. Aliandika, akaifunga, akaipeleka maabara, na baada ya muda majibu yakarudi kwamba hakuna kilichopatikana cha kusaidia. Shemeji akaachiwa. Nasikia yuko machimboni upande wa Geita, na nasikia ananenepa.

Nilivuka daraja mara moja zaidi. Nilimkuta yule mama mkwe peke yake, anaanua dagaa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniletea kigoda. Nilikwenda nikiwa na maneno makali mengi, lakini yeye ndiye aliyetangulia.

"Foronya mliipata?"

Nikasema tuliipata.

"Mkaipeleka?"

Nikasema mama yangu aliifua.

Alishusha ungo. Alikaa chini, kwenye mchanga, siyo kwenye kigoda. Kisha akanieleza, kwa sauti ya kawaida, huku akiwatoa dagaa waliovunjika. Alfajiri ile alisikia, nyumba zao zinatazamana. Mwanawe alikuja kumwita akasema njoo usaidie, amekufa na presha. Alikuta mto umetupwa chini ya kitanda na foronya imelowa damu upande mmoja, mahali pa mdomo. Alifua shuka. Alifuta sakafu. Foronya aliitia kwenye beseni, maji yakaanza kubadilika rangi, akaitoa. Aliona lile jani lililokosewa. Alisema mikono ilimkatalia.

Aliikausha darini kwake, juu ya magunia ya mihogo. Polisi walipomwuliza, mwanawe alikuwa amesimama mlangoni, akasema mbuzi. Halafu siku ya kupanga sanduku akaiviringisha, akaiweka chini kabisa, bila kuifua. Alijua mama yetu ndiye angelifungua. Aliamini hakuna mama wa Kisukuma anayeweza kupokea nguo chafu ya marehemu akanyamaza. Angepiga yowe, ukoo ungekusanyika, na mimi mwalimu ningeiona.

Alikuwa amepiga hesabu sawasawa. Hakujua tu kwamba sisi tulikuwa tumemwambia mama presha.

Nilimwomba aje nami polisi aseme aliyoniambia. Nilimbembeleza, mimi ambaye sibembelezi. Nilimwambia gari nitalipa, nitakaa naye, hataonana na mwanawe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimemzaa," alisema. "Siwezi kusimama nikamnyooshea kidole. Nilichoweza nilikifanya, mwanangu. Nilisema. Ninyi mkafua."

Niliondoka bila kuaga vizuri. Nilimweleza mpelelezi, akasema atakwenda, na alikwenda, na yule mama akamwambia mbuzi. Sijui nimchukie vipi mtu yule. Usiku mwingine namchukia sana. Mara nyingine nafikiri katika watu wote waliokuwa kwenye msiba ule, pamoja na sisi wa damu yake, ni yeye peke yake aliyejaribu kumsemea dada, na alijaribu kwa njia iliyomgharimu.

Mama bado hajui. Mwezi uliopita nilikwenda kumpelekea vidonge vyake. Alikuwa ameketi kitandani, mto mmoja una foronya yenye maua, mwingine una ya dukani. Aliniuliza, kama anavyouliza kila ninapokwenda, nitairudisha lini ile nyingine. Nilimwambia sijamaliza kuiiga. Iko kwenye kabati la polisi, ndani ya bahasha, na sidhani kama itatoka.

Akanywa vidonge. Akapapasa maua kwa kidole gumba. Kisha akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza.

"Hivi, wewe uliyemwona kabla yangu. Hakuteseka? Wanasema plesha haitesi, mtu analala tu."

Mwaka mzima nilikuwa nimepigana na neno lile. Nililipinga mbele ya ukoo, mbele ya polisi, mbele ya mwanamume aliyelileta. Mama alikuwa ananitazama usoni, anasubiri, kidole kimesimama juu ya lile jani.

"Hakuteseka, mama," nikasema. "Ilikuwa plesha."

Nililitamka kwa l, kama yeye. Akatikisa kichwa kukubali, akaniomba nimfungulie dirisha.